Shati la Mtu Ambaye Hajapatikana

Sina uhakika kama kisa hiki ni changu kukiandika. Shule niliiacha mapema, kwetu Bukavu, na mpaka nafika Johannesburg barafu niliyoijua ni ile ya kupoza soda. Lakini niliwashonea, kwa hiyo nitaandika nilichokiona tu.

Nilikuwa nimepanga chumba cha kushonea Doornfontein, ghorofa ya kwanza. Mwaka 2015 wakaja msichana na kijana, wamepanda ngazi zangu huku wameshikana mikono. Walikuwa wanacheza dansi juu ya barafu, wawili kwa pamoja. Msichana alinieleza kwamba wakiachiana mikono kwa muda mrefu wanakatwa alama. Tena walikuwa mabingwa wa nchi nzima. Nikawapongeza, nikauliza waliwashinda akina nani.

"Hakuna, Mama," kijana akasema. "Tulikuwa sisi tu."

"Na bado tungeweza kushika nafasi ya pili," msichana akadakia, "kwa jinsi huyu alivyoanguka."

Wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Kwa haki niseme: hata wakiwa peke yao walitakiwa wafikishe alama fulani, na mazoezi walifanya alfajiri, kabla watoto wa kuteleza kwa kujifurahisha hawajajaa uwanjani.

Nguo zao nilizikata kutoka kitambaa kimoja cha kijani, gauni na shati, maua yakafuatana. Kwetu mume na mke wakienda kwenye sherehe huvaa kitenge kimoja, na mimi nilikuwa nimeona ile mikono. Siku ya kujaribisha walisimama mbele ya kioo, msichana akapiga kelele: "Mama, umetuozesha!"

"Mchumba wangu ataniua," kijana akasema.

Ndipo nikajua kwamba ana mchumba, na si huyu. Kushikana mikono kulikuwa mazoea ya mchezo tu. Nikaomba radhi, nikasema nitashona upya. Msichana akakataa, akasema majaji watapenda. Walipoondoka nilichungulia dirishani. Kila mmoja aliingia kwenye gari lake.

Jirani yangu msusi, mama wa Kirundi, alinitania wiki nzima. "Dada, wewe mwenyewe huna wa kuvaa naye sare, unawagawia wenzako!" Hakuwa na ubaya. Mume wangu alikuwa ameenda Cape Town kutafuta kazi, na simu zake zilikuwa zimeanza kuwa chache. Jirani alitaka nicheke, nikacheka.

Mwaka 2017 kijana aliacha mchezo. Sitaki kumsingizia. Goti lilimsumbua, alikuwa ameoa, amepata kazi, na alimwambia mwenzake uso kwa uso. Sioni alipokosea. Ila dansi ile haichezwi na mtu mmoja. Msichana alikuwa mzima wa viungo vyote, bingwa, na hana pa kwenda. Nchini hakupata kijana mwingine wa kimo chake; wavulana wa barafuni, alisema, wanapenda mpira wa magongo.

Alikuja kwangu peke yake, na lile shati mkononi. Kijana alikuwa amemrudishia.

"Lirekebishe, Mama."

"Kwa ajili ya nani?"

"Bado sijui. Lazima nimpate. Acha nafasi ndani."

Nikafumua mbavuni, nikaongeza kitambaa kwapani, nikakikunja kwa ndani ili liweze kupanuliwa. Nimewashonea wajawazito na watoto wanaokua, lakini wote walikuwa watu. Mabega yalinishinda. Bega hulibahatishi.

Jumapili moja nilipitia uwanjani kabla ya kanisa, nimpelekee lile shati. Nilimkuta anajifunza dansi ya wawili peke yake. Mkono wa kushoto ameuinua, umelala juu ya bega ambalo halipo. Alipofika mahali pa kuzungushwa alisubiri kidogo, kisha akajizungusha mwenyewe. Watoto walimpita pembeni. Sikujua nitazame wapi, nikawa natazama viatu vyangu.

Mwaka uliofuata alikuja kijana kutoka Ulaya kujaribiwa. Nikaitwa na pini zangu nimbanie lile shati. Alikuwa mtu wa adabu, alinisalimia vizuri, na kwa macho yangu aliteleza vizuri kuliko yule wa kwanza. Kama angechaguliwa, msichana angehamia kwao na kucheza chini ya bendera yao. Kijana hakuficha hilo.

Wakacheza. Muziki ulipoisha msichana alikuja kwenye ukingo, anahema.

"Mama, umeonaje?"

"Mimi sijui barafu, binti yangu."

"Najua hujui. Kocha ameshasema yake. Wewe umeona nini?"

Nilitamani kunyamaza. "Miguu yake mizuri. Lakini wewe unamfuata, yeye hakutafuti."

Akafuta pua kwa glavu. "Eish, Mama. Ni huyu au niache kabisa."

"Basi ajifunze kukutafuta," nikasema. Sijui kama niliamini.

Kocha akawasha muziki tena. Kwenye kona msichana alinyoosha mkono, ukakaa hewani kidogo, kisha kijana akaushika. Msichana akanitazama juu ya bega la yule kijana, kama anauliza upya. Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini? Nilikuwa nimemwona akicheza peke yake.

Aliondoka kabla ya Krismasi. Mwanzoni mwa 2019 alinitumia picha kwenye simu: wawili wamesimama kwenye theluji mbele ya jengo kubwa. Yeye anacheka. Kijana anatazama kando. Huenda kuna mtu alimwita. Nilikaa kwenye cherehani nikaikuza kwa vidole ili nione mikono. Yote minne ilikuwa ndani ya mifuko ya makoti. Kulikuwa na baridi, nadhani.