Ufa Kati ya Miamba

Mtu akimenya chungwa karibu nami, hata ofisini, nakumbuka siku ile ya ziara ya shule. Asubuhi tulikuwa Butiama, kwenye makumbusho, tukipita kimya mbele ya vigoda na ngao za kale. Mchana tukapelekwa Musoma, kwenye miamba mikubwa kando ya ziwa, tule na kucheza. Mawe yalikuwa ya moto chini ya nyayo, na vidole vyetu vilinata maji ya machungwa.

Mimi nilikuwa nimesharuka ufa mpana kati ya miamba miwili. Rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja, alibaki ng'ambo ameshika sketi yake.

"Ni mbali," alisema.

"Wewe unaogopaga kila kitu. Ruka, la sivyo usikae na mimi tena."

Akaruka. Mguu mmoja ulifika, mwingine ukateleza, akatumbukia kwenye ufa. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla hajalia.

Mwalimu alikuja mbio, akamtoa, akamfunga mguu kwa kanga yake.

"Nani kamwambia aruke?"

Rafiki yangu aliniangalia. Mimi nikatazama ziwa.

"Nimeruka mwenyewe, mwalimu," akasema.

Muhula mzima alikaa kwao, amefungwa hogo mguuni. Nyumba yao ilikuwa kwenye njia yangu ya shule. Kila asubuhi alikaa dirishani akaniita kwa jina, na kila asubuhi nilipita nikikimbia.