Andazi Lililoumwa Kwanza

"Benita, ni nani huyo anasemaka kwa ndimi humo ndani, saa nane ya mchana?"

Aliyeuliza alikuwa Mama Masika, mwanamke wa Butembo aliyepanga chumba cha jirani katika ua mmoja wa mtaa wa Malvern, akisuka watu nywele uani na kusali kwa sauti. Siku tatu mfululizo alikuwa amesikia ukutani maneno asiyoyajua, ya haraka haraka, mara kilio mara kicheko, naye akaamini kwamba Roho amemshukia mtoto wa Mrundi. Siku ya nne akajifunga kitambaa kichwani, akaja dirishani na Biblia yake.

Nyuma ya nondo za dirisha, Benita, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alinyamaza. Kunyamaza ndiko alikofunzwa. Lakini mama yule hakuondoka, na mwisho mtoto akanong'ona, "Ni katuni, Mama Masika. Ni Wajapani."

"Hao Wajapani wameokoka?"

"Sijui. Wanasoma shule."

Mama Masika akaifunga Biblia polepole. Ndipo alipotupa jicho mlangoni, akaona kufuli linaning'inia kwa nje.

Ulikuwa mwaka wa 2010, Kombe la Dunia limekwisha majuzi tu, na maneno yalikuwa yakizunguka kwamba wageni wa mpira wakisharudi kwao, wageni wengine nao watarudishwa, watake wasitake. Léocadie, mama yake Benita, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Miaka miwili nyuma, wageni walipokuwa wakiwindwa nyumba kwa nyumba, vijana walisimama mlangoni pake, wakamwonyesha kiwiko cha mkono, wakamwuliza kinaitwaje kwa Kizulu. Hakujua. Aliyemwokoa ni bibi mwenye nyumba, aliyesema, "Huyu ni wa kwangu." Hata hivyo siku kumi na moja walilala katika ukumbi wa kanisa. Tangu hapo Léocadie alikuwa na sheria moja: "Ukifungua kinywa, ulimi utakutaja. Nyamaza, mwanangu, Mungu atakusemea."

Basi Benita akanyamaza. Darasani alijibu ndiyo au hapana, basi. Saa saba na nusu mama alimchukua langoni mwa shule, akamleta chumbani, akampa chakula, akafunga kufuli, akarudi kwenye cherehani yake kando ya Jules Street hadi saa kumi na mbili. Mchana kufuli lilikaa nje. Usiku, wote wakiwa wameingia, lilihamia ndani. Ufunguo aliuvaa shingoni, uzi mmoja na msalaba. Baba, Balthazar, alikuwa mlinzi huko Randburg na alilala hukohuko. Akija Jumapili ya mwisho wa mwezi alilitazama lile kufuli, akakohoa, akavua viatu vyake. Si kwamba Léocadie alikuwa na roho mbaya, la. Alimpenda mwanawe kama kuku apendavyo yai lake la pekee, akamlalia mpaka pumzi ikawa shida.

Hata ile diski ya katuni aliinunua yeye mwenyewe barabarani, ili mtoto asichoke na kuta. Ilikuwa hadithi ya msichana wa shule mwenye haya kupita kiasi. Akiitwa jina hujificha nyuma ya mkoba wake. Kila siku hupanga njia ya kupata rafiki mmoja, na kila mara mambo huharibika. Siku moja anakaza moyo, anainama, anasalimia kwa adabu zote, kumbe amesalimia koti lililotundikwa. Siku nyingine anaandika barua, na mbuzi wa shule anaila. Walisema Kijapani, lakini chini paliandikwa Kiingereza, na kusoma Benita alijua.

Tangu siku ile Mama Masika akahamishia kreti lake la kukalia chini ya dirisha. Akichambua maharagwe au akisuka mteja, husema, "Haya, tafsiri." Na Benita, ambaye darasani sauti yake haikujulikana, alimwaga Kiswahili chote alichonacho kupitia nondo zile.

"Huyo mutoto hana mama?"

"Anaye. Anamfungia chakula asubuhi kwenye kisanduku."

"Aa. Anamfungia chakula tu," alisema Mama Masika, macho yake kwenye kufuli.

Sehemu ya sita ndiyo iliyomkamata Benita. Msichana anamgawia mwenzake wa dawati yai lake la kukaanga. Mwenzake anakula, anatabasamu, na rafiki amepatikana. Benita aliirudisha nyuma mara tano.

Jumatatu akaenda shule na andazi. Aliyekaa naye dawati moja ni Refilwe, msichana mwenye mwanya na maneno mengi. Wakati wa mapumziko Benita alilitoa andazi lile, akauma ukingo kidogo, akatafuna, akameza, kisha akamnyooshea lililobaki kwa mikono miwili.

Refilwe akazitazama alama za meno. Nyuma yao mtu akasema, "Anakupa makombo. Leo umekuwa mbwa wake." Darasa likapata la kuchekea hadi kengele, na andazi likabaki juu ya dawati.

Mama Masika alipoisikia habari hiyo alicheka hadi akashika ukuta, kisha akapangusa macho. "Nani alikufundisha kuuma kwanza?"

"Mama. Alisema anayetoa ndiye anayeonja."

"Ni kweli. Kwenu Burundi, na kwetu pia, mutu akikupa kitu bila kuonja unajiuliza ameweka nini ndani. Wewe ulimwambia, hakuna sumu, kula kwa amani. Yeye akasikia, kula mabaki. Yule wa katuni hakuonja?"

"Hapana."

"Basi Wajapani wanaaminiana."

"Nifanye nini, Mama Masika?"

"Umuelezee."

"Mama amenikataza kusema."

Mama Masika akakifunga upya kitambaa chake cha kichwani. "Mimi sitakutuma uvunje neno la mama yako, Mungu ananiona. Lakini lile andazi lilisema vibaya, na wa kulisahihisha ni wewe peke yako."

Siku mbili Benita alilibeba jambo hilo kama jiwe kiatuni. Siku ya tatu Kiingereza kikamtoka chote kwa mkupuo: kuonja, mgeni, sumu, heshima.

"Kwani unaongea?" aliuliza Refilwe.

"Naongea."

"Sumu? Eish. Nyinyi mnakula na watu gani?"

Refilwe akatoa gwinya lake, ambalo ni andazi tu lililonenepa. Akauma. Akageuza macho, akashika shingo, akateleza taratibu kutoka kwenye benchi hadi sakafuni, akafa. Kisha akafufuka, akampa Benita lililobaki. "Ni salama," alisema. Benita akacheka kwa sauti, na watu wakageuka kutazama ni nani huyo.

Wakazungumza katuni. Benita akaeleza anapokaa, na kwa furaha akalisahau kufuli.

Ijumaa mchana Refilwe akatokea uani na mfuko wenye joto. "Fungua."

"Siwezi. Ufunguo anao mama."

Refilwe akaenda mlangoni, akalivuta kufuli, akarudi dirishani. "Ulifanya kosa gani?"

Benita alitafuta kosa, asilipate. Akaisogeza meza ya televisheni hadi dirishani. Mama Masika akagawa kreti lake nusu kwa nusu, wakatazama hivyo, wawili nje, mmoja ndani.

Siku hiyo sindano ya cherehani ilivunjika, na Léocadie akarudi mapema. Alimkuta mtoto wa wenyeji dirishani pake, akasikia sauti ya bintiye ikipaa uani kwa Kiingereza.

"Nani huyu? Nani amemwonyesha tunapokaa?"

"Ni mimi, Mama," alisema Benita.

"Mama Benita, ngoja nikuelezee," alianza Mama Masika, lakini Refilwe alikwisha kusimama.

"Dumela, mma," alisalimia. Akatoa gwinya mfukoni, akauma ukingo, akatafuna, akameza, akaachama kinywa kuonyesha kwamba limeshuka. Kisha akampa lililobaki kwa mikono miwili.

Léocadie akazitazama alama za meno. Katika mji ule watu walimuuzia, walimdai karatasi, walimwonyesha kiwiko. Wa kumwonjea kwanza alikuwa hajatokea. Akapokea. Akala palepale aliposimama, hadi kipande cha mwisho. Kisha mkono ukapanda shingoni, ukautoa ufunguo, na mlango ukafunguliwa.

Lakini alisimama kizingitini, amekijaza, kufuli mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine. Benita alimjua mama yake. Gwinya huliwa likaisha, na Jumatatu kufuli lingerudi mahali pake. Akamsogelea, akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili asimwaibishe mbele ya mgeni:

"Mama, naomba Jumatatu uniachie kufuli na ufunguo wake, nijifungie mwenyewe kwa ndani."