Pumzi ya Kinanda cha Inver Grove Heights

Niliondoka Frogtown, mtaa wa Saint Paul ninakoishi, kwa sababu msimamizi wangu wa shahada ya uzamivu alinipa amri moja: nikakisikilize kwa masikio yangu kinanda nilichokiandikia Sura ya Tatu nzima ya tasnifu yangu, la sivyo sura hiyo iondolewe. Ni kinanda cha kale cha mabomba, kinachojipiga chenyewe kwa kufuata karatasi yenye matundu. Aliyekikarabati ni daktari wa meno mstaafu, ambaye hurekodi nyimbo za kinanda hicho na kuziweka mtandaoni. Katika rekodi mojawapo, wimbo ukiwa katikati, sauti huzama kama ya mtu aliyekumbuka msiba, kisha huinuka. Niliuita mzamo huo “pumzi ya huzuni ya mashine”, na juu yake nikajenga hoja yangu yote.

Jumamosi asubuhi, Dada Nyambura, muuguzi Mkenya ninayesali naye, alinipakia garini mwake. Nilimfafanulia nadharia yangu kuanzia University Avenue hadi tulipovuka Mto Mississippi.

“Na isipozama?” akauliza.

“Itakuwa imezama kwa namna isiyosikika.”

“Kaka, una-overthink. Mgonjwa akipumua hivyo, sisi hu-check mashine kwanza.”

Niliona kauli hiyo haina msingi wa kinadharia.

Inver Grove Heights, mji mdogo kusini mwa Saint Paul, kabla ya adhuhuri. Mzee Arvid, yule daktari wa meno, na mkewe, Bi Karen, walitukaribisha kwa kahawa nyepesi na keki nzito. Sura yangu, niliyokuwa nimewatumia mapema, ilikuwa mezani.

“Inafikirisha sana,” alisema Bi Karen, akimtazama mumewe.

Nilishukuru kwa sifa hiyo.

Tukashuka chumba cha chini ya nyumba. Mzee Arvid alipachika karatasi, feni ya kusukuma hewa ikavuma, mabomba yakaanza kuimba. Bi Karen alibaki nyuma yetu. Mahali palepale nilipopaandikia, sauti ikazama. Machozi yakanilengalenga: sura yangu ilikuwa imeokoka.

“Kaka,” Nyambura alininong’oneza, “geuka polepole. Huyu mama amefungulia nini friza?”

Niligeuka. Bi Karen aliteremsha kifuniko cha friza, uso ukamwiva.

“Friza na feni vinatumia waya mmoja wa umeme,” alisema. “Friza ikifunuliwa, mota yake huwaka ghafla, na feni hulegea. Ndivyo ilivyotokea siku ile ya kurekodi.”

“Tulitaka kurekodi upya,” mumewe akaongeza, “ndipo sura yako ikafika. Kweli mtu unaanzia wapi kumwambia mwenzako jambo kama hilo?”

“Wiki nzima tumefanya mazoezi,” Bi Karen alisema kwa sauti ndogo. “Nikifunua mapema mno, inawaka kabla ya wakati wake.”

Sikuweza kukasirika. Kwetu Tanga tungemfanyia mgeni vivyo hivyo, na tungemwongezea chozi. Ningeweza kunyamaza, nikarudi na ushahidi wangu. Nikaweka juu ya friza kipande cha keki nilichoshuka nacho.

“Tafadhali,” nikasema, “chomoeni friza.”

Wimbo ukapigwa tena, haukuzama popote. Ulikuwa wimbo wa kuchezea harusini, nami nilikuwa nimeuombolezea miaka miwili. Nyambura na Mzee Arvid walikuwa tayari wanazunguka, na mguu wangu, bila idhini yangu, ukawa unapiga sakafu.

Safari ya kurudi ilichelewa, maana huko watu huagana mezani, mlangoni, uwanjani, kisha tena dirishani mwa gari. Katika kituo hicho cha mwisho Bi Karen alinipenyezea kifurushi kilichoganda: nyama ya kulungu, kutoka friza ileile.

Alasiri, Frogtown. Nilimwandikia msimamizi kwamba sura nimeiondoa mwenyewe, na sababu yake ni umeme. Nililojifunza ni hili: katika sehemu hizi, ukiambiwa kazi yako inafikirisha, kwanza tazama kilicho nyuma yako.

Jioni Nyambura alisonga ugali. Ile nyama ya kulungu, Sura ya Tatu yangu, tuliila yote. Ilikuwa tamu kuliko ilivyosomeka.