Fundi Aliyehesabu Silinda Kutoka Kushoto

Saa tano asubuhi, mzee asiyejulikana hapa anasimama mlangoni mwa gereji.

"Samahani, binti. Nimeisikia tangu barabarani. Hiyo imehesabiwa vibaya."

Dada Spana, fundi wa pikipiki kwa miaka kumi na minne, anajipangusa mikono. "Shikamoo, baba. Karibu. Ila leo sina muda wa mafumbo."

Kweli hana. Mbele yake kuna pikipiki nyekundu ya mbio, ya ukubwa wa kati, injini ya silinda tatu. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu ambaye macho yamemfifia. Saa sita mchana bintiye anakuja kumhamishia kwake, mbali. Mwalimu haombi kuiendesha tena. Anaomba kuisikia.

"Nilimwahidi," anasema fundi. "Wiki sita nafungua, nafunga. Nikiiwasha inatema moto kama imetukanwa. Jirani ameniuliza kama siku hizi natengeneza majiko."

Mgeni anacheka. Aliuza vipuri vya kampuni iliyounda pikipiki hiyo kwa miaka ishirini na saba, na anaisimulia kama ukoo wake. Ilianza na kibanda cha kutengeneza pampu za maji. Mwanzilishi alikuwa na shoto, kila kitu akikihesabu kuanzia kulia. Alipofariki, kiwanda hakikubadili. Hadi pikipiki ya mwisho, silinda ya kwanza ilikuwa ya kulia.

Nyaya za plagi, zinazopeleka cheche kwenye kila silinda, zina namba. Fundi alizipanga kuanzia kushoto, kama alivyozoea kwa pikipiki nyingine zote.

"Yaani kilichonishinda ni kuhesabu?"

"Moja hadi tatu, binti."

"Baba, nakuomba usimwambie mtu."

"Mtaa mzima nitauambia."

Fundi anabadilisha nyaya, anabonyeza swichi. Kimya. Wiki sita za kujaribu zimeua betri. Ni saa tano na nusu.

Ukutani imeegemea pikipiki yake mwenyewe, inayompeleka kwa wateja na kumrudisha nyumbani. Anaitazama kidogo, kisha anachukua spana, anaing'oa betri na kuifunga kwenye ile nyekundu.

Safari hii injini inashika, inanguruma sawasawa, bila kikohozi. Mwalimu anaingia ameshikwa mkono na bintiye. Anaweka kiganja juu ya tangi.

"Ndiyo yenyewe," anasema. "Ndiyo yenyewe hasa!"

Fundi anakalia ndoo iliyopinduliwa na kushusha pumzi ndefu.

Mwakani anataka kuchukua wanafunzi wawili, wasichana. Somo la kwanza analo tayari: kabla ya kufungua injini, uliza aliyeiunda alikuwa mtu wa namna gani.

Pikipiki nyekundu inapopakiwa kwenye gari la binti wa mwalimu, mgeni anamnong'oneza fundi, "Betri yako inaondoka hiyo."

"Naiona, baba."

Jioni anafunga gereji, tayari kwenda nyumbani kwa miguu. Kwake ni mwendo wa saa moja na nusu.

"Nilimwambia ataisikia," anajisemea, akikaza kamba za viatu. "Sikusema ataisikia mara moja tu."