Kikombe Changu cha Kuonjea

Siku ya kwanza kazini nilikaripiwa asubuhi na mapema, na sababu ilikuwa kikombe kimoja. Nilikuwa nimeajiriwa msaidizi wa jiko katika nyumba ya wageni ya kampuni moja ya mashamba, huko Masisi, mashariki mwa Kongo. Jina la kampuni silitaji, maana sitaki kesi uzeeni. Mkuu wa jiko, ambaye sote tulimwita Shefu, aliniambia nimpelekee mzee mfugaji aliyeleta maziwa kikombe cha sharubati ya marakuja, yaani pasheni. Nikakiweka mezani nikageuka kuondoka. Mzee akabaki anakitazama tu. Shefu akatoka jikoni, akamimina kidogo kwenye kiganja chake, akanywa mbele ya mzee, akampa. Mzee akamaliza kikombe chote.

Tuliporudi jikoni, Shefu alinishukia.

"Weye Anselme, kwenu Kingi banakufundishaka nini? Kikombe yenye haujaonja, muntu atainywa namna gani?"

"Nilizani, Shefu..."

"Usizani. Onja mbele ya macho yake, kisha njo umupe. Hata kama iko mudogo wako."

Ninyi vijana mnajua, hata mkijifanya hamjui. Huku kwetu watu wanaogopa sumu, na anayetoa kinywaji hukinywa kwanza yeye. Hiyo si uchawi wala ushamba. Ni namna ya kumwambia mgeni kwamba kikinidhuru kitanidhuru mimi kabla yako. Shefu alininunulia kikombe kidogo cha bati chenye ua la bluu, nikawa nachota nacho kutoka bakuli lile lile la wageni, ili midomo yangu isiguse vikombe vyao. Kikombe hicho ninacho hadi leo.

Shefu alinifundisha pia kokteli ya Bonane, yaani ya sikukuu ya Mwaka Mpya, na kazi hiyo ndiyo iliyonipa jina. Kwanza ni maji. Yanachemshwa jana yake na tangawizi iliyopondwa, majani ya mchaichai na sukari, mpaka yawe mazito kidogo, kisha yanaachwa yapoe kabisa. Marakuja haisagwi kwa mashine. Mbegu zikivunjika zinatia uchungu, kwa hiyo unaikamua kwa mgongo wa kijiko juu ya chujio. Mananasi tuliyaagiza Buleusa, kwenye joto la Walikale, kwa sababu yale ya huku juu baridini hayana utamu. Unaondoa moyo wake mgumu, unakata vipande vidogo vinavyoingia kwenye kijiko. Papai lisiwe limelainika sana. Maprini, yale matunda mekundu yenye mbegu nyeusi na ukali wake, unayamenya kwa kuyatia maji ya moto kwanza. Ndizi unaikata mwisho kabisa na kuikamulia ndimu, la sivyo inakuwa nyeusi na bakuli zima linaonekana la jana. Friji hatukuwa nayo. Tuliweka bakuli ndani ya beseni la maji ya kisima na baridi ya milima ilifanya kazi yake.

Kokteli hiyo haikuwa na pombe, na hapo ndipo palipokuwa na thamani yake. Wakatoliki, Waprotestanti, wafugaji wa juu na wakulima wa maharage wa bondeni, wote waliweza kuchota bakuli moja. Nimewahi kuona watu wasiosalimiana sokoni wakigongana viwiko wakigombea upawa.

Shefu alipostaafu nilishika jiko mimi. Kisha kampuni ikatuletea Jeran mpya, yaani msimamizi wa nyumba. Alikuwa amefanya kazi katika hoteli za mjini, na alikuwa na viatu ambavyo matope ya Masisi yaliviudhi kila siku. Mwanzoni nilimwona mtu wa kazi. Alibadilisha mashuka, akatia dirisha vioo. Ilipokaribia Bonane akaniita. Wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja, pamoja na machifu, wachungaji na familia zinazotuuzia maziwa.

"Papa Anselme, ile mambo ya kuonja mbele ya bageni, tutaiacha."

"Tutaiacha aje, Papa Jeran? Batu hawatakunywa."

"Batakunywa. Hapa haiko kijijini. Bakubwa bakiona mupishi anakunywa mbele yabo, batasema tuko batu ba pori. Iko aibu."

"Niko na kikombe yangu mwenyewe. Sigusi ya muntu."

"Nimeshasema! Ao unataka niite mupishi mwingine?"

Nilikuwa na watoto shuleni. Nikafunga kikombe changu kwenye kitambaa, nikakiweka kabatini.

Siku yenyewe bakuli lilipendeza hata mimi nilijisifu kimoyomoyo. Nikapita mezani nikijaza vikombe kama nilivyoamriwa. Watu walipokea kwa mikono miwili wakashukuru, wakaweka chini na kunitazama. Walikuwa wananingoja. Mama Furaha, mfugaji aliyetuletea maziwa tangu ujana wangu, alinifanyia ishara kwa macho: haya, onja. Nami nikasimama na upawa wangu, na Jeran amenikazia macho kutoka kona ya pili.

Mchungaji mmoja mzee akasogeza kikombe chake pembeni. Akamwambia Jeran kwa upole, "Basi Papa, weye mwenye nyumba, utuanzie."

Jeran akacheka. "Mi tumbo inanisumbua leo, Mchungaji."

Nasema tena ili msikie vizuri. Mtu aliyeniambia kuonja ni mambo ya pori hakuthubutu kunywa bakuli ambalo halijaonjwa! Mama Furaha akainuka, akavuta kitenge chake, akaaga. Nyuma yake wakainuka wengine. Bakuli likabaki limejaa, ndizi zikaanza kuwa nyeusi mbele ya wakubwa wa kampuni.

Hilo ningelisamehe, kwa sababu kila mtu huaibika siku moja. Lakini wakubwa walipouliza kulikuwa na nini, Jeran akawajibu kwamba mpishi amekataa kuonja, na hajui kwa nini. Wahudumu walisikia. Kesho yake soko lote lilijua, na kesho kutwa kwetu Kingi nako. Anselme amekataa kuonja. Huku kwetu mtu akisemwa hivyo hakuna haja ya kuongeza neno lingine. Nilieleza, nikaapa, nikaonekana mwongo zaidi. Watu walikuja nyumbani kwangu kutusalimu, mke wangu akawatolea kinywaji, wakasema wameshiba. Mke wangu alilia jikoni, nami nilitoka nje nikapasua kuni mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Kampuni ikanihamishia Hombo, barabarani kabisa, kwenye nyumba ndogo ya madereva. Mkuu wa kituo cha Hombo alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipochomoa kikombe changu cha bati siku ya kwanza alisema tu, "Afazali. Yule wa mbele yako hakuwa anaonjaka." Huko nilikaa mpaka mwisho wa kazi. Mananasi yalikuwa mlangoni, madereva walikunywa bila kuuliza, na kila Bonane nilitengeneza bakuli. Lakini usiku nilikuwa bado nagombana na Jeran kichwani.

Nilipostaafu, kampuni iliniita Masisi kuniaga. Jeran alikuwa bado yupo. Alikuwa amepanga mezani katoni za juisi ya kiwandani, kila mtu na yake, imefungwa, na mrija wake ubavuni. Akatoa hotuba. Eti nilikuwa nguzo ya nyumba. Nikamwacha amalize, nikaenda jikoni nikaleta bakuli nililotengeneza mwenyewe alfajiri. Nikachota kwa kikombe changu, nikanywa chote mbele ya watu, nikajaza kikombe kingine nikampelekea.

"Nimeonja, Papa Jeran. Kunywa."

"Asante. Niko na yangu," akasema, akainua katoni.

Mama Furaha alikuwa amekaa mbele, mzee sasa, fimbo magotini. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika, "Anselme, basi ile Bonane ulikatalia nini kuonja?"

"Muulize yeye, Mama. Yeye njo alinikataza."

Wote wakamgeukia Jeran. Angeweza kukana. Angeweza kuomba radhi, nami ningempa mkono. Akatia mrija mdomoni akaanza kunyonya juisi yake, macho chini. Mama Furaha akanyoosha mkono, akachukua kikombe nilichokuwa nimemshikia Jeran, akanywa. Wengine wakamfuata, bakuli likaisha.

Mnaniambia basi yamekwisha, Papa, poa. Hayajakwisha. Niko Kingi sasa, na kila Bonane natengeneza kokteli kwa majirani. Wengi wamerudi. Nyumba mbili bado. Wanakuja, wanakaa, wanauliza habari za wajukuu. Naonja mbele yao kwa kikombe changu cha ua la bluu, nawapa vyao, wanapokea kwa mikono miwili. Wakiondoka vikombe vimejaa hivyo hivyo. Simwagi. Nakaa mezani nakunywa kimoja, kisha nakunywa cha pili, na kila mwaka hasira yangu ni ile ile.