Njaa ya Alama Kumi na Tatu

Siku ile fundi aliharibu kazi ya mteja, na hakuwa mtu wa kuharibu kazi. Alichomelea bawaba za geti kichwa chini miguu juu, akaliona kosa, akazing'oa kwa nyundo huku akitukana chuma, kana kwamba chuma ndicho kilichompigia simu asubuhi. Mtaani walimwita Kufuli kwa sababu mageti na grili zake hazijawahi kuvunjwa na mwizi, na jina hilo alilipenda. Siku ile jirani mmoja alipita akamwita hivyo kwa utani, akajibiwa kwa jicho tu. Jirani akajua leo hapaingiliki, akaenda zake.

Simu ilitoka hospitali. Binti yake, mwenye miaka ishirini na miwili, amepimwa njaa, na njaa yake imeonekana ndogo. Ndogo! Wangemtukania mama yake mzazi asingeumia vile.

Binti huyo alizaliwa na ugonjwa adimu wa vinasaba. Uchangani alikuwa mlegevu, hata kunyonya hawezi, na mama yake alimkamulia maziwa akamdondoshea kwa kijiko, akimwomba Mungu amwone mwanawe akila. Dua ilipokelewa kupita kiasi. Alipofika umri wa kwenda shule njaa iliamka, na haikulala tena. Shibe kwake haipo. Tumbo linajaa, lakini kichwani taarifa haifiki. Alikula unga mkavu, alikula nyama ikiwa bado barafu, alikula kwenye mapipa ya majirani. Na majirani, Mungu awasamehe maana fundi hajawasamehe, wakasema mtoto yule kwao hapewi chakula. Wengine wakamshauri amchape. Mwisho binti alikula mpaka tumbo likawa gumu kama ubao, akakimbizwa hospitali, na daktari wa zamu akasema wangechelewa kidogo wangemzika.

Ndipo fundi akatengeneza geti la jikoni. Nondo nene, komeo la chuma, kufuli mbili. Friji ndani, kabati ndani, hata pipa la taka ndani. Ufunguo akauvaa shingoni. Watu wakamcheka, jiko gani limefungwa kama benki? Wacheke tu. Siku geti lilipowekwa, binti alikuja akalitikisa, likagoma, akashusha pumzi, akaenda kulala usingizi wa pono. Kwa mwenye njaa ile, kujua kwamba hakuna upenyo ni mapumziko. Chakula kilikuja saa zilezile, kwenye sahani ileile, kimepimwa kwa mizani, na kati ya mlo na mlo alikaa karakana akimpangia baba yake skrubu kwa ukubwa. Kubwa aliziita bibi, ndogo vitukuu, na ikipotea moja alidai imeolewa. Baba alicheka kila mara, ingawa utani ulikuwa uleule. Maisha yakaenda.

Halafu ikaja habari ya dawa. Hospitali kubwa ilikuwa inajaribu dawa mpya ya kupunguza njaa ya namna ile, na inatafuta wagonjwa. Ila si kila mgonjwa. Walimtaka mwenye njaa kali ya kutosha. Na njaa hiyo hawakuipima kwa mashine wala kwa damu. Waliipima kwa maswali, akiulizwa yule anayeishi na mgonjwa, juu ya mambo aliyoyaona kwa macho yake wiki mbili zilizopita. Zikifika alama kumi na tatu, mgonjwa anaingia.

Aliyeuliza alikuwa muuguzi, dada mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Ameiba chakula mara ngapi? Hajaiba, kuna geti. Ameamka usiku kutafuta chakula? Haamki, kuna geti. Amechakura takataka? Pipa limefungiwa. Amepandwa na hasira aliponyimwa? Hanyimwi, saa yake anaijua. Fundi alijibu kifua mbele, jamani, akiisifia kazi ya mikono yake, kumbe kila sifa ilikuwa inampunja mwanawe. Sifuri, sifuri, sifuri. Vijialama vichache vikaokotwa kwenye maswali mengine, jumla ikawa sita.

Basi baada ya ile simu aliliacha geti la mteja chini, akaenda hospitali na ovaroli yake ya masizi. Daktari wa dawa ile alimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Hamkumpima mwanangu," alisema. "Mmepima geti langu."

Daktari hakubisha, na hilo lilimkera zaidi, maana mtu aliyekuja kugombana hapendi kukubaliwa. Alisema tatizo hilo analijua, kwamba wazazi wanaolinda vizuri ndio wanaoangushwa na kipimo. Lakini kila mzazi akijibu anavyodhani ingekuwa, huyu atakisia juu, yule atakisia chini, na haitajulikana kama dawa inasaidia au la. Lazima lihesabiwe lililoonekana. Nafasi ya kupimwa tena ipo, baada ya wiki mbili, kisha milango inafungwa. Fundi akamjibu kwamba mgonjwa haulizwi uji, akatoka bila kuaga.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho huku anakunja nguo, halafu akatoa shauri lake. Danganya. Sema anaiba kila siku, nani atakuja kuhesabu mikate yetu? Fundi akawaka. Yeye hajawahi kumuuzia mtu bati akamwambia ni chuma, leo aanze uongo kwa damu yake? Na dawa ikipimwa kwa uongo, si ndiyo itakayokuja kunywewa na watoto wa wenzake? Mkewe akamuuliza sasa atafanyaje.

"Nitafungua geti."

Mkewe aliacha kukunja nguo. Alimkumbusha tumbo lile, alimkumbusha maneno ya daktari wa zamu. Alisema, "Baba watoto, bora uongo wangu kuliko ukweli wako huo." Lakini fundi akishapiga mstari kwenye chuma, anakata. Alisema atakaa palepale, macho hayabanduki, na jikoni ataacha mkate na sukari kidogo tu. Njaa ionekane, ihesabiwe, geti lifungwe. Hasira hasara, walisema waliotutangulia, na walichobakiza ni kumtaja jina tu.

Alichagua mchana ambao mkewe alikuwa kazini. Akafungua kufuli zote mbili, akaliacha geti wazi, akaweka kigoda chake sebuleni mahali pa kuona jiko lote.

Binti alitoka chumbani akaliona. Alisimama. Alimuuliza baba yake kama geti liko wazi, akajibiwa liko wazi. Aliuliza nani kalifungua, akajibiwa mimi. Akauliza tena, na tena, maswali yaleyale, huku anajikwangua mkono kwa kucha mpaka damu ikatoka. Akarudi chumbani akafunga mlango, na fundi akamsikia anazunguka humo ndani. Alipotoka tena jasho lilikuwa linamtiririka usoni.

"Baba, funga," alisema. "Nakuomba, funga."

Hapo, ndugu yangu, mtu yeyote angefunga. Fundi mwenyewe alinyanyuka nusu. Lakini kuomba geti lifungwe hakuna alama. Katika maswali yote yale hakuna hata moja lililouliza kama mgonjwa amelia akiomba afungiwe. Akakaa. Akatazama pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu awe baba alimwombea mwanawe aibe.

Akaiba. Aliukamata mkate akaula pamoja na vipande vya mfuko wake, akamimina sukari mdomoni, akavuta makabati moja baada ya jingine, analia na huku anatafuna. Fundi alipomshika mkono alimng'ata. Alipomkumbatia amtoe alimpiga kichwa cha kifua, wakaanguka wote wawili sakafuni, mzazi na mwanawe wanagombea kipande cha mkate. Kwa shida akamtoa, akafunga. Aliketi chini akawakasirikia wote. Alimkasirikia daktari kwa kukubali, alimkasirikia muuguzi kwa sauti yake, aliwakasirikia waliotunga yale maswali bila kuishi hata siku moja na mtu wa namna hii. Kisha akajikasirikia mwenyewe, na hiyo haikuwa na pa kwenda.

Tangu siku ile binti hakuwa yule. Usiku aliamka kwenda kulitikisa geti. Likigoma, haamini, analitikisa tena. Karakana hakuzigusa skrubu. Alikuwa akizungumza habari ya chakula tangu asubuhi, na ukimwambia saa bado, anapiga ukuta.

Kipimo cha pili walikwenda pamoja. Fundi alijibu kweli tupu, neno kwa neno. Ameiba. Amepiga. Anaamka usiku. Muuguzi alijumlisha, uso ukamchangamka, na kwa kweli alifurahi kwa moyo wake wote, dada wa watu.

"Hongera, baba," alisema. "Kumi na saba. Njaa inatosha."

Fundi alitaka kumjibu jibu ambalo asingelisahau mpaka anastaafu. Lakini binti alikuwa amekaa pale pembeni, kwa hiyo aliinuka akasema asante.

Kwenye korido alimwambia binti kwamba dawa wamepata. Binti hakufurahi wala hakununa. Aliuliza kama geti litafunguliwa tena. Baba akaapa halitafunguliwa. Aliuliza tena, akaapa tena. Kwa miaka yote neno la baba yake lilikuwa linamtosha, akishaambiwa ndiyo ni ndiyo. Sasa alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akautazama ufunguo shingoni.

Fundi akaanza kuuvua ampe, kwa kutaka aaminiwe. Binti alirudi nyuma akaficha mikono.

"Usinipe mimi," alisema. "Mpe mama. Na umpe mimi nikiona."

Wakaenda nyumbani. Mama yake alikuwa ndio kwanza anavua viatu. Fundi alivua kamba akamkabidhi mkewe ufunguo, na binti akasimama pale akiangalia mpaka mama yake alipouvaa.