Gia Moja Ajifunza Kutoa Pumzi

Mume wangu alipumua miaka hamsini na kitu bila kufundishwa na mtu, na alipumua vizuri, hata kukoroma alikoroma kwa mpangilio. Kwa hiyo siku daktari alipotuambia twende kwenye darasa la kupumua, nilimtazama kuanzia viatu mpaka miwani, nikamuuliza kama kutafuna nako kuna darasa lake. Daktari hakucheka. Mume wangu naye hakucheka, na hilo ndilo lililonifunga mdomo, maana zamani angecheka yeye kwanza.

Ni dereva wa lori. Nasema ni, sisemi alikuwa, na anayetaka kunisahihisha aje anisahihishe uso kwa uso. Madereva wenzake wanamwita Gia Moja, kwa sababu kila mteremko, uwe mrefu uwe mfupi, yeye hushuka na gia nzito, injini inanguruma, lori linatambaa, na wenzake wanampita wakipiga honi na kumwambia mzigo utamwozea njiani. Alikuwa anabeba saruji. Huwajibu kwamba saruji haiozi, kisha anaendelea kutambaa.

Sasa huyo ndiye aliyeishiwa breki. Ajali haina kinga. Wale wakimbizaji mpaka leo wako barabarani wanakimbiza.

Breki za malori makubwa ni za upepo. Alinieleza mara moja tu, jikoni, kwa msaada wa sufuria na mpira wa maji: kuna mitungi chini ya lori imeshindiliwa upepo, kila ukikanyaga breki unautumia kidogo, na upepo ukiisha umekwisha na wewe. Dereva anayejua kazi haling'oi lori mpaka mitungi ijae. Lile lori la kampuni lilikuwa kuukuu, na siku hiyo lilikuwa linavuja mahali pasipoonekana. Katikati ya mteremko alikanyaga, akasikia upepo unatoka, fsss. Akakanyaga tena, ukatoka tena, mpaka mguu ukawa unakanyaga pasipo na kitu. Chini ya mteremko palikuwa na shule, na watoto walikuwa wanavuka barabara. Aliliingiza lori kwenye lundo la mchanga la watu waliokuwa wanajenga. Likazama mpaka kwenye taa, likasimama.

Hakufa mtu. Hakuumia mtu. Kilivunjika kioo cha pembeni, basi. Walimu walimshusha wakamkumbatia, mwalimu mkuu akampa soda, na jioni alirudi nyumbani akala chakula chake chote. Mtu aliyevunjika mguu, watu wanauona mguu. Huyu wangu alirudi mzima, na wiki iliyofuata alipokwenda kuchukua lori jingine, mkono ulishika kitasa cha mlango na haukufungua. Akarudi nyumbani kwa miguu. Baada ya hapo ikawa kila gari: basi, teksi, hata pikipiki ikipita karibu alishika ukuta. Usingizini alikuwa anakanyaga ubao wa kitanda kwa mguu wa kulia mpaka ukapasuka. Na kila aliyekuja kututembelea alisema neno lile lile, "Si hukuumia lakini? Mshukuruni Mungu." Tulimshukuru. Nilikuwa nawakaribisha chai wageni hao huku nikitamani kuwamwagia.

Hayo yote tungeyavumilia kama si mama mkwe wangu. Yeye anaishi mbali, mwendo wa siku nzima barabarani, na wifi yangu ndiye anayemuuguza. Alikuwa amelala kitandani hainuki tena. Masikio yake yalishazibika, ukimwekea simu sikioni anadhani ni kitana, lazima usimame mbele yake aone midomo yako. Habari za mwanawe hatukumwambia. Kila akiuliza aliambiwa yuko safarini, atapitia akirudi, na aliridhika, kwa sababu maisha yake yote mwanawe alikuwa safarini na alipitia akirudi. Wifi alinipigia akasema daktari wa kule amemshauri asiahidi watu miezi. Basi mimi nikawa na haja moja tu duniani: mume wangu apande gari, akamwone mama yake angali hai.

"Mpeni vidonge alale, mumpakie kama gunia," wifi alishauri. Daktari wetu alikataa, akasema kwa presha aliyo nayo mume wangu hathubutu. Akatupeleka kwenye darasa.

Lilikuwa chumba cha mazoezi cha hospitali, kile wanachofundishia waliopooza kutembea. Kuna vyuma vya kushikilia ukutani, harufu ya dawa ya kuchulia misuli, na magodoro membamba ya mpira yamepangwa sakafuni. Mwalimu alikuwa binti wa rika la mtoto wetu wa mwisho, mwenye sauti ya kubembelezea kichanga. Mume wangu alisema haingii peke yake kulala chini na wanawake asiowajua. Nikaingia naye, nikalala chini na wanaume nisiowajua.

"Hapa hatushindani," mwalimu alisema. "Fanya unachoweza. Panapouma, acha."

Nilimpenda kwa hilo. Tulipiga magoti tukainama mpaka paji la uso likagusa godoro. Tuliegemeza miguu ukutani. Tukalala chali, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, akatuambia tulete akili zetu pale chumbani, tusikilize tunachokisikia, tusikimbilie mahali pengine. Akili yangu ilikuwa nyumbani inaangalia kama nimezima jiko. Nikairudisha, ikaondoka tena. Siku ya pili niliirudisha ikakaa, na nilipoamka wenzangu walikuwa wanakunja magodoro.

Mume wangu hakulala. Mwalimu akisema vuteni pumzi, alivuta, kifua kikajaa, tumbo likajaa. Akisema toeni, toeni zote, tumbo libaki tupu, yeye hakutoa. Alishikilia. Mishipa ilimtoka shingoni, mguu wa kulia ukawa unagandamiza sakafu mpaka godoro likakunjamana. Mwalimu alimwendea, akachuchumaa karibu yake. "Achia, baba. Taratibu tu." Akazidi kushikilia, halafu zikamtoka zote kwa kishindo, akaketi, macho yanatafuta mlango.

Wengine walidhani hasikii maagizo. Mimi nilimwelewa siku ile ile, tukiwa tunavaa viatu.

"Anataka nibaki mtupu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nikibaki mtupu nitasimama na nini?"

Ilikuwa mitungi. Miaka yote ile amejifunza jambo moja, kwamba upepo unajazwa na unatunzwa, na anayeumaliza anaua watu. Sasa anakuja binti wa watu anamwambia aumalize kwa hiari yake, amelala chali, hana hata usukani. Nilitaka kucheka, nikaona nalia.

Nilirudi ndani nikamweleza mwalimu, pamoja na habari ya mpira wa maji na sufuria. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakunifanya nijione mjinga. Akaniambia mishipa ya fahamu haielewi maneno, hata ukimwambia mtu hatari imepita haimsaidii; mwili wenyewe unaamini pale pumzi inapotoka polepole. Kwa hiyo kutoa hakukwepeki. Akafikiri kidogo, akasema, "Kesho tutaitoa kwa mlango mwingine."

Kesho yake alimwambia afumbe midomo na avumishe tu, mmmm, kwa sauti nzito ya chini, bila kufikiria pumzi. Mume wangu aliona haya. Akaanza kidogo, kama mtu anayejisafisha koo. Kisha sauti ikashuka, ikatulia, ikawa ndefu, na mimi niliyelala pembeni yake nikaitambua. Ilikuwa injini ya lori kwenye gia nzito, linashuka. Alivumisha mpaka pumzi ikaisha yenyewe, na ilipoisha hakushtuka. Mguu ulilegea, vidole vikaangukia pembeni. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni na hakuyafuta. Nilifurahi hata nikasahau kuvuta yangu.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa gereji. Alivumisha akinyoa ndevu, alivumisha akimenya viazi. Jirani yetu mwenye teksi akatukubalia tukae ndani ya gari lake limezimwa, mume wangu mbele, mimi nyuma. Baadaye likawashwa, akavumisha. Baadaye likatembea mpaka kwenye kona na kurudi. Aliposhuka mashati yetu yote matatu yalikuwa yamelowa, na jirani akasema, "Kaka, mwezi ujao wewe ndiye utakayeniendesha." Tukacheka kweli kweli. Mume wangu alicheka wa kwanza. Siku hiyo nilitoa shati lake la safari nikalipiga pasi.

Halafu wifi akapiga simu. "Wifi, kama mnakuja, njooni sasa."

Nilikwenda kwanza kwa mwalimu, nikamkuta anapanga magodoro. Nilimuuliza kama mume wangu yuko tayari.

"Bado, mama. Mwili una mwendo wake, tusiusukume."

"Kifo hakina darasa, mwanangu. Hakimsubiri mtu mpaka amalize."

Alinishika mkono tu, na nikaona kwamba pamoja na elimu yake yote, na huruma yake yote, hakuwa na cha kunipa. Haikuwa kosa lake. Nilimkasirikia vile vile, njia nzima mpaka nyumbani.

Tuliondoka asubuhi na jirani. Mume wangu alikaa mbele, shati limenyooka, mkono tumboni, anavumisha. Tulipita soko, tukapita kituo cha mafuta, tukapita ile kona yetu, na mimi nyuma nilikuwa siamini macho yangu. Nje ya mji kuna mteremko. Si ule wa ajali, ni mwingine tu, hauna hata jina. Mume wangu alisema, "Weka gia moja," jirani akaweka, na gari likaanza kutambaa. Mume wangu akavumisha kwa nguvu zaidi. Jirani naye akaanza kuvumisha, na mimi nikaingia, watu wazima watatu tunanguruma ndani ya teksi. Niliona mabega yake yanashuka. Nilisema moyoni, tumefika.

Mbele yetu palikuwa na lori. Likakanyaga breki, na upepo wake ukatoka. Fsss.

Sauti yake ilikatika. Sikumwona akifikiri, wala sidhani kama alifikiri. Alirusha mkono akavuta breki ya mkono hadi mwisho. Gari lilizunguka, nikapiga kichwa kwenye kioo, na tuliposimama magurudumu ya mbele yalikuwa kwenye majani ya ukingo na chini yake hakukuwa na kitu cha kutudaka. Jirani alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, midomo myeupe. Mume wangu alikuwa amejaza kifua, ameshikilia.

Nilimtoa nje, nikamlaza kwenye majani kando ya barabara, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, kama tulivyofundishwa. Nilimvumishia mimi masikioni. Nilimwambia asikilize anachokisikia, na alichokisikia ni malori yanateremka, moja baada ya jingine. Nilijaribu kila kitu cha lile darasa kwa mpangilio wake, halafu bila mpangilio, halafu nikamsihi tu kama mtoto. Mguu wake ulikuwa unakanyaga majani. Jirani alisubiri mpaka nilipoinuka.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nina watoto. Wewe nitakupeleka. Kaka sitaweza."

Mume wangu alimsikia. Aliketi, akajipangusa shati.

"Nenda mke wangu," alisema. "Nitarudi kwa miguu, si mbali. Nenda wewe ukamwambie mama..."

Nilingoja amalize, naye alikuwa anatafuta, midomo inafunguka na kujifunga. Hakulipata la kumwambia. Nilipanda gari. Kwenye mteremko uliobaki nilikuta na mimi mguu wangu wa kulia umegandamiza sakafu, na jirani aliuona, akapunguza mwendo.

Tulifika jua linazama. Wifi alinipokea mlangoni, akatazama nyuma yangu, akatazama gari, kisha akanipisha. Mama mkwe alikuwa amekuwa mdogo sana kitandani. Nilisimama mbele yake kwenye mwanga ili aone midomo yangu, nikamsalimu. Alinitambua. Na yeye alitazama nyuma yangu.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nilikuwa nimelitayarisha jibu siku nzima, lenye maelezo, na huruma, na ukweli ndani yake.

"Yuko njiani, mama."

Uso wake ulichangamka. Akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikudhani anazo.

"Basi mwambie asikimbize gari," alisema. "Aje polepole. Nipo."

Nilimwambia nitamwambia. Akaomba wifi amgeuze aelekee mlangoni, akatengenezewa mto, akaanza kusubiri.